Orange Bowl ya Miami: kelele za chuma, gari uani kwa watu, na upande uliokuwa wazi

Muulize shabiki wa Miami Hurricanes, timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha Miami, aliyevuka miaka arobaini kuhusu uwanja wao wa zamani, Orange Bowl, atakwambia ulikuwa na roho. Mwache amalize, kisha mwulize alikaa jukwaa gani na gari aliliacha wapi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuwa na maana, kwa sababu karibu kila wanachokiita roho kilikuwa na sababu ya kushikika: chuma, upepo, ukaribu wa viti na mstari wa pembeni, na ua wa nyumba ya mtu.

Uwanja ulifunguliwa Desemba 1937, kwa jina la Burdine Stadium, katika mtaa ambao baadaye ulijaa Wacuba na kuitwa Little Havana, magharibi ya katikati ya jiji la Miami. Ulijengwa kwa dola 340,000 ukiwa na nafasi za watu elfu ishirini na ushei, ukaongezwa majukwaa mara kwa mara hadi ukapita watu 70,000. Jina la Orange Bowl uliazima mwaka 1959 kutoka kwenye mechi maarufu ya Mwaka Mpya iliyokuwa ikichezwa hapo. Jambo ambalo wageni hulisahau ni kwamba haukuwa mali ya chuo. Chuo Kikuu cha Miami kiko Coral Gables, na uwanja ulikuwa wa serikali ya jiji. Kwa miaka 70, kuanzia 1937 hadi 2007, Hurricanes walikuwa wapangaji, na mpangaji hapigi nyundo ukuta wa mwenye nyumba apendavyo. Shika hilo, maana ndilo lililomaliza hadithi.

Tuanze na kelele, kwa kuwa ndizo kila mtu anazozitaja kwanza.

Uwanja wa futiboli ya Marekani una urefu wa yadi 100 za kuchezea, na kila mwisho kuna eneo la kufungia la yadi 10. Mara nyingi hakuna njia ya mbio za riadha kuuzunguka. Pale Orange Bowl majukwaa yalibana, viti vikawa karibu mno na wachezaji, na jukwaa la juu lilibebwa na fremu za chuma. Upande wa magharibi ulikuwa umefungwa kwa majukwaa. Upande wa mashariki ulikuwa wazi, unaona minazi na maghorofa ya mjini. Watu wa magharibi walikuwa na tabia moja: timu ngeni ikifika karibu na eneo lao, wanaacha kupiga makofi na kuanza kupiga mabenchi na sakafu kwa miguu. Kiganja hakiwezi kufanya kazi ya kisigino juu ya chuma. Mlio unapita kwenye fremu, jukwaa linatikisika chini yako, na mshindo unarudi uwanjani kama mvua kubwa juu ya bati.

Kwa mgeni hasara ilihesabika kwa yadi. Kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, huita hesabu kwa sauti ili safu yake ya mbele ijue mpira utaondoka lini. Wasipomsikia, mmoja anashtuka mapema na timu inarudishwa yadi 5. Akiogopa hilo akaamua kutumia ishara za mguu au mkono, watu wake wanalazimika kutazama mpira badala ya adui, na wanachelewa kidogo kuinuka. Dhidi ya mabeki wa Miami wa miaka ya 1980, kidogo hicho kilitosha. Akibadili mpango dakika ya mwisho naye hasikiki, anabaki anakimbizana na saa ya wakati huo ya sekunde 25 za kuanzisha mchezo. Kwa hiyo shabiki anayejua kazi yake hakupiga kelele muda wote. Alinyamaza Miami ikiwa na mpira, akapandisha sauti mgeni alipokuwa na mpira, hasa katika jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, pale ambapo kukosa yadi zinazohitajika mara nyingi kunamlazimisha mgeni aurudishe mpira.

Matokeo yako kwenye vitabu. Baada ya kufungwa na Florida Septemba 1985, Hurricanes hawakupoteza tena mechi ya nyumbani mpaka tarehe 24 Septemba 1994, Washington walipowafunga 38-20. Katikati hapo walishinda mechi 58 mfululizo nyumbani, rekodi ya vyuo iliyowapita Alabama waliofika 57. Sitasema kelele ndizo zilizoshinda. Walikuwa na wachezaji wazuri kuliko karibu kila mtu. Lakini jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Kati ya mataji matano ya taifa ya Miami, matatu, yaani ya misimu ya 1983, 1987 na 1991, yalikamilishwa kwenye uwanja huohuo, kwa sababu mechi ya Orange Bowl ya Mwaka Mpya ilichezwa nyumbani kwao. Nebraska na Oklahoma walisafiri nusu ya nchi kuja kucheza "uwanja usio na upande" ambao kwa kweli ulikuwa sebule ya mpinzani.

Kuhusu gari sasa, maana nusu ya kumbukumbu za watu ziko nje ya lango.

Maegesho rasmi hayakutosha. Wenye nyumba wa Little Havana waliligeuza tatizo hilo kuwa kipato: siku ya mechi, baba au bibi anasimama barabarani na kipande cha kadibodi, anakupungia mkono uingize gari uani kwake, juu ya nyasi, kwa malipo. Aliyezoea alifuata utaratibu wake. Unakuja na noti ndogo, kwa kuwa chenji haipo. Unauliza kwanza kama gari litazibwa. Uani mwa nyumba ndogo magari hupangwa kwa mstari, na aliyeingia wa kwanza ndiye wa mwisho kutoka. Ukitaka kuwahi, lipa zaidi kidogo kwa nafasi ya mbele, na ingia kinyumenyume ili pua ielekee barabarani. Mvua ikiwa imenyesha, na Septemba Miami hunyesha mara kwa mara alasiri, epuka sehemu ya chini ya ua: tairi litazama na utasukumwa na watu usiowajua. Kisha andika anwani. Miami mitaa inayoitwa "street" inakwenda mashariki hadi magharibi, na "avenue" inakwenda kaskazini hadi kusini, zote kwa namba. Uwanja ulikuwa 1501 NW 3rd Street, maana yake mtaa wa tatu, karibu na avenue ya 15. Mtu aliyekumbuka "saba" tu hakujua kama ni mtaa wa saba au avenue ya saba, na kati ya hizo mbili unaweza kutembea usiku mzima.

Njiani unapita kwenye dirisha la kahawa ya Kicuba, kikombe kidogo chenye sukari nyingi, mkate wa nyama ya nguruwe iliyookwa, na arepa (vijichapati vya mahindi) zikikaangwa pembeni ya barabara. Mashabiki waliohamia uwanja mpya watakwambia wanaukosa mtaa huu kuliko wanavyoukosa uwanja wenyewe, na mimi nawaamini. Mchezo wenyewe unaweza kuuhamisha kwa basi. Ua wa bibi hauhamishiki.

Ndani, kiti kilikuwa na kanuni zake. Uwanja ulilala mashariki-magharibi, kwa hiyo waliokaa jukwaa la kusini waliligeuzia jua mgongo, na wa kaskazini walilitazama usoni mchana kutwa. Benchi la chuma la saa saba mchana mwezi wa Septemba halikaliki bila taulo au gazeti. Vyoo vilikuwa vya zamani, foleni ndefu, na wazoefu waliondoka dakika mbili kabla ya mapumziko. Kutu ilikuwa kila mahali. Hewa ya chumvi ya bahari na chuma ni maadui wa kudumu, na rangi mpya huficha tu kazi inayoendelea chini yake.

Upande wa mashariki uliokuwa wazi ulikuwa na historia yake pekee. Enzi ambazo Dolphins, timu ya kulipwa, nao walikuwa wapangaji hapo, kuliwekwa tangi la maji lenye pomboo aliyeitwa Flipper. Mwaka 1971 timu ya Florida ilikuwa ikiongoza vizuri dhidi ya Miami, ila kwotabeki wao, John Reaves, alihitaji yadi chache avunje rekodi ya kurusha, na Miami ndiyo iliyokuwa na mpira. Mabeki wa Florida wakajilaza chini karibu wote, wakawaachia Miami wafunge bure ili mpira urudi kwao. Reaves akapata rekodi, mechi ikaisha 45-16, na wachezaji wa Florida wakaenda kujitumbukiza ndani ya lile tangi. Kocha wa Miami hakutaka kumpa mkono mwenzake. Mashabiki wazee wa pande zote mbili bado wanabishana juu ya siku ile, na upande wa Florida bado hauoni kosa.

Nyasi nazo zina kisa. Mwaka 1970 jiji liliweka nyasi bandia za aina ya Poly-Turf. Katika jua la Miami nyuzi zake zililala na kushikana, uso ukawa utelezi, wachezaji wakateleza hata siku kavu. Mwaka 1976 ziliondolewa na nyasi za asili zikarudi. Ukimsikia mtu akisifia "nyasi safi za Orange Bowl za mwaka 1973", basi hakuwepo, au kumbukumbu yake imechanganya miaka.

Na mikwaju ya goli (mipira inayopigwa kwa mguu ipite kati ya milingoti) ya Florida State, chuo kingine, si Florida ya juu, ambayo kila shabiki wa Miami huisimulia huku akicheka. Mwaka 1992 Miami iliongoza 19-16; mkwaju wa Florida State wa yadi 39 wa kusawazisha ukapita kulia. Mwaka 2000 ikawa 27-24, yadi 49, ukapita kulia tena. Mwaka 2002 ikawa 28-27, yadi 43, ukapita kushoto. Yote mitatu Orange Bowl. Ule maarufu kuliko yote, wa 1991 uliomalizika 17-16, haukupigwa hapo. Ulipigwa Tallahassee, nyumbani kwa Florida State. Hili huwachanganya hata wanaojiita wataalamu.

Watu huita laana. Mimi nawakumbusha vipimo. Msimu wa 1991 vyuo vilipunguza upana kati ya milingoti ya goli kutoka futi 23 na inchi 4 hadi futi 18 na inchi 6. Lakini mistari ya ndani, inayoamua mpira uwekwe wapi mchezo unapofia pembeni, ilibaki mbali hadi 1993, futi 53 na inchi 4 kati yao, ndipo ikasogezwa ikawa futi 40. Yaani kwa misimu miwili, 1991 na 1992, mpigaji alikuwa na goli jipya jembamba na pembe za zamani zilizo kali. Mpira ukiwekwa kwenye mmojawapo wa mistari hiyo ya ndani, ulikuwa zaidi ya futi 17 nje ya mlingoti wa karibu. Baada ya 1993 ikawa chini ya futi 11. Ongeza kwamba umbali wa mkwaju ni yadi 17 hivi zaidi ya pale mpira ulipo, kwa sababu ya eneo la kufungia na hatua za kurudi nyuma kuushika, na kwamba upepo wa Miami mara nyingi hutoka baharini, mashariki, kupitia upande uleule uliokuwa wazi. Mpigaji anayekosa katika hali hiyo hajalogwa.

Mechi mbili lazima zitajwe. Tarehe 2 Januari 1984, Nebraska, namba moja nchini, walifunga zikiwa zimebaki sekunde 48 wakawa nyuma 31-30. Kocha Tom Osborne angeweza kupiga mkwaju wa pointi moja apate sare. Wakati huo vyuo havikuwa na muda wa nyongeza, ambao ulikuja 1996, na sare ingetosha pengine kumpa taji. Akachagua kujaribu pointi mbili za ushindi. Pasi ya Turner Gill ikaguswa na kiganja cha Kenny Calhoun, na Miami wakachukua taji lao la kwanza. Karibu miezi kumi na moja baadaye, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, Doug Flutie wa Boston College, akiwa nyuma 45-41 na sekunde 6 zimebaki, mpira ukiwa yadi 48 toka eneo la kufungia, alirudi nyuma sana kisha akaurusha juu ya kila mtu. Gerard Phelan akaudaka nyuma ya mabeki, 47-45. Walinzi walimwacha Phelan apite kwa sababu hawakuamini Flutie, mtu mfupi, angeurusha umbali ule dhidi ya upepo. Wiki mbili kabla, uwanjani hapohapo, Miami ilikuwa imeongoza Maryland 31-0 mapumzikoni na kupoteza 42-40. Kwa hiyo anayekusimulia kwamba Orange Bowl haikuwahi kushindwa ameanza kuhesabu 1985.

Kumbukumbu pia hujaza viti vilivyokuwa vitupu. Ndani ya mfululizo ule wa mechi 58 kulikuwa na Jumamosi ambazo mpinzani dhaifu alicheza mbele ya majukwaa ya juu matupu. Miami ina ufuo, chuo si kikubwa, na wanafunzi walitegemea usafiri kutoka Coral Gables. Siku za Florida State na Notre Dame uwanja ulifurika, na ndizo siku watu walizokariri.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba uwanja haukuwa wa Hurricanes peke yao. Kuanzia 1947 hadi 1978 ulikuwa nyumba ya Orange Blossom Classic, mechi kubwa ya vyuo vya Weusi iliyoandaliwa na Florida A&M, katika jiji ambalo sheria za ubaguzi ziliwabana Weusi kila kona; Hurricanes wenyewe hawakumsajili mchezaji Mweusi mpaka Ray Bellamy, 1966. Desemba 1962 Rais Kennedy alisimama pale mbele ya Wacuba waliotekwa katika uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, huko Cuba, na kuachiwa. Mwaka 1980 baadhi ya wakimbizi wa Mariel, Wacuba waliokuja kwa boti kutoka bandari hiyo, walilala ndani ya uwanja mpaka msimu wa mpira ukawasukuma nje, wakahamishiwa kwenye mahema chini ya barabara kuu. Na kwa sisi wapenzi wa soka, Olimpiki ya 1996 ilileta Brazil kucheza makundi hapo. Japani wakawafunga 1-0. Kisha Brazil wakaifunga Nigeria 1-0 kwa goli la Ronaldo. Siku sita baadaye Nigeria walilipiza 4-3 katika nusu fainali, goli la dhahabu la Kanu, kwenye Sanford Stadium ya Athens, Georgia, ambao nao ni uwanja wa futiboli wa chuo. Mashabiki wengi wa Hurricanes hawajui kwamba mechi ile ilianzia nyumbani kwao.

Mwisho ulikuwa wa hesabu. Dolphins waliondoka kwenda uwanja wao mpya 1987, wakachukua fedha. Jiji lilibaki na jengo la chuma lenye kutu, lisilo na vyumba vya watu wazito wanaolipa sana, na ahadi za ukarabati zilizochelewa. Agosti 2007 chuo kilitangaza kuhamia uwanja wa Dolphins kaskazini ya mji, mbali zaidi na wanafunzi. Mwaka uliofuata Orange Bowl ikabomolewa, na 2012 uwanja wa besiboli wa Marlins ukafunguliwa mahali pake. Nje, upande wa mashariki, kuna herufi kubwa za rangi ya chungwa zinazofanana na za bango la zamani, zimelazwa na kusimamishwa ovyoovyo kwa makusudi. Majirani wengine bado huegesha magari uani siku za Marlins.

Kabla ya kubomoa, jiji liliuza viti na vitu vingine. Ukitaka kununua kiti leo, chunguza miguu kwanza: viti vingi vya viwanja hufungwa kwenye ukuta wa ngazi ya nyuma, si sakafuni, na bila fremu ya kutengenezewa havisimami. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupauka na kuvunjika kwenye matundu ya bolti, kwa hiyo weka washa (pete bapa ya bolti) pana, usikaze kupita kiasi, na usikiache nje. Vipande vya tiketi vya karatasi vitunze mbali na mwanga, ndani ya mfuko usio na asidi; zile zilizochapwa kwa joto hufutika zenyewe hata droo ikiwa imefungwa, basi zipige picha mapema. Ukirekodi simulizi za wazee, usiwaulize walihisi nini. Waulize lango, safu, waliyekaa naye, na jua lilikuwa upande gani. Ukiwa na hayo, tarehe utaipata mwenyewe.

Na ukikutana na anayedai alikuwepo mechi ya mwisho kabisa, mwulize nani alishinda. Akijibu Virginia, 48-0, tarehe 10 Novemba 2007, amesema kweli kuhusu mechi ya mwisho ya Hurricanes, fedheha iliyotokea mbele ya wachezaji wa zamani waliokuja kuaga. Lakini mechi ya mwisho ya vyuo pale ilikuwa tarehe 1 Desemba: Florida International, waliokuwa wakitumia uwanja ule msimu huo wakati wao ukikarabatiwa, waliwafunga North Texas 38-19 na kumaliza mkosi wa kupoteza mechi 23 mfululizo.